Sesheni Zilizobaki Wazi

Kaka Paluku,

Nakuandikia nikiwa parokiani, mashine zetu nimezifunika na kitenge changu. Kuna jambo nimelikimbia tangu tukuzike.

Unakumbuka seva yetu ya Kitshanga ilivyokuwa ikizimika katikati ya kazi, wazazi wamejaa mlangoni wakitafuta watoto waliopotezana nao vitani? Ulisema, "Iko na mémoire kidogo, njo shida yake." Ukashuka Goma kununua vipande vya kuiongezea hiyo kumbukumbu. Risasi zikakukuta ukirudi, juu ya pikipiki. Vipande vilifika vizima ndani ya koti lako. Wewe, kaka...

Nilivipachika mwenyewe. Seva ikachelewa kufa, lakini ikafa.

Njo nikaanza kusoma programu uliyoiandika, mstari kwa mstari, nikilia na kukukasirikia. Kila tunapotafuta jina, inafungua sesheni ya kuongea na hifadhidata. Jina likionekana, inaifunga. Likikosekana, inaonyesha kosa na kwenda zake. Sesheni inabaki wazi, imekalia mémoire. Na sisi kazi yetu yote ni kutafuta watu wasioonekana! Haikuwa njaa ya mémoire, kaka. Ilikuwa inavuja.

Juzi asubuhi mapigano yakafika mlima wa juu yetu. Mama Kavira, mkubwa wetu, akasema, "Chomoa mashine, tunaenda." Mlangoni alisimama mama mmoja wa Kalembe, akimtafuta binti yake Neema. Nilikuwa nimeshaandika marekebisho: sesheni ifungwe, jina lipatikane ao likosekane. Sikuwa nimeyajaribu bado.

"Mama Kavira, uniachie kidogo tu," nikasema, nikaiwasha seva upya.

Neema: hayupo. Nikaweka jina la baba: hayupo. La babu, la kijiji: hayupo. Siku zile ingekuwa imeshakata roho. Mabati yalitetemeka kwa mabomu, nami macho yangu kwenye kipimo cha mémoire. Kilipanda, kikashuka. Kikapanda tena, kikashuka. Mama Kavira alikuwa ameshika waya wa umeme mkononi, anangoja.

Yule mama akasema taratibu, "Nyumbani tunamuitaka Zawadi."

Nikaandika. Akatokea. Yuko hai, Kashebere, kwa familia moja ya wakulima. Yule mama aliitambua picha yake. Alishika meza kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye vumbi. Tukampakia garini pamoja na mashine, tukakimbilia hapa parokiani.

Hukuwa mzembe, kaka. Ulichoka, na ulitaka watu wale wapate watoto wao upesi.

Pumzika sasa. Barabara ikifunguka nitamsindikiza mama huyu Kashebere, na seva ya kule, yenye programu yako hiyohiyo, nayo niitengeneze. Kisha nitapanda hadi Butembo kwa mke wako, nimweleze yote, hata hili la programu, kabla hajalisikia kwa mwingine. Atalia. Nitakaa naye mpaka amalize.

Dada yako wa kazi,
Espérance