Cherehani Usiilete Kwanza, Mama

Asafo, Kumasi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu zako, goti limetulia, na wote hapo Mampong hawajambo. Mimi mwili mzima, ila moyo bado unanidunda.

Siku nilipohitimu ushonaji, fundi wangu Bi Asabea alinimwagia poda ya pongezi, kama desturi ilivyo kwa kila anayehitimu, mpaka kwenye kope. Nikatoka barabarani nikiringa, mweupe pee. Kumbe! Konani nikakutana na msichana mweupe kama mimi. Mbele, wengine. Sokoni ndio wamejaa, na kila niliyemuuliza ni fundi cherehani. Nilipigwa na butwaa, nikasimama katikati ya njia mpaka dereva mmoja akaniuliza kama nimeolewa na lami.

Nilirudi kwa Bi Asabea nikilia. Akauliza macho yangu yalikuwa wapi siku zote, kwani sikuona kuwa meza yake ya kukatia vitambaa sasa anauzia mikate? Akanishauri nitafute kazi ambayo watu wanasaka fundi wanamkosa.

Nikauliza huku na huko, nikaelekezwa kwa Bibi Takyiwaa, anayevisha maiti. Kila Jumamosi ni mazishi, familia zinamgombania, na mgongo wake umechoka. Alisema wasichana wote wanataka kupamba maharusi, na maharusi wenyewe wa kutafuta kwa tochi. Wafu hawajawahi kuadimika. Nilimkimbia. Kesho yake nikarudi. Nilipogusa mkono ule wa baridi mara ya kwanza, nilitapika. Sasa napasua vazi la kente mgongoni na kumvika marehemu, hata nduguze hawauoni mpasuo.

Najua umeshawatangazia akina mama wa kanisa kwamba utaninunulia cherehani, nifungue duka hapo nyumbani. Najua pia yanayosemwa juu ya mikono inayogusa wafu, na kwamba hakuna anayekula chakula ilichopika.

Basi keti, Mama. Kwenye msiba wa Mama Mkubwa Dufie, ulipoingia ukamkuta amelazwa kama aliyesinzia baada ya ibada, ulilia ukasema mikono iliyomvisha dada yako ibarikiwe. Ilikuwa yangu. Na fufu uliyokula baadaye, ukaomba uongezewe, niliitwanga mimi, kwa mikono hiyo hiyo.

Naogopa hata kuikunja karatasi hii. Cherehani usiilete kwanza. Njoo wewe mwenyewe. Nitakuandalia fufu na mchuzi wa karanga, nami nitajua jibu lako nikiona kama umenawa mikono upate kula.

Wasalimie wote, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Mwanao,
Pokuaa