Sauti Zako Zilizokuwa kwenye Kompyuta

Mwanangu Zaina,

Marahaba mwanangu. Naitikia kabisa, maana najua ungeanza na shikamoo. Sisi huku ni wazima. Baba yako mzima, yuko Shume kwenye kabichi, harudi mpaka Ijumaa. Bibi yako wa Mtae anakusalimu, miguu bado inamsumbua. Mdogo wako Halima mzima. Ng'ombe amezaa, dume. Na mimi mama yako mwili ni mzima. Hofu ni kwako tu, ingawa wanasema huko uliko hakuna tena la kuogopa.

Kuna jambo nimelifanya, nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Ile kompyuta yako, mtumba uliokuja nao kutoka Dar umeuviringisha kwenye kanga, ilikuwa imechoka. Halima anachapia shule mitihani na watu kadi za harusi, kama ulivyokuwa ukifanya. Lakini ikawa akiiwasha asubuhi, napika chai, tunakunywa, naosha vikombe, bado haijafunguka. Akibonyeza herufi, inakuja baadaye kama imetumwa kwa miguu. Mara inaganda kabisa. Mwalimu mkuu akamwambia, "Binti, wanafunzi watafunga shule, mtihani uko humo ndani."

Nikamwita Rajabu, yule fundi mliyesoma naye. Alipoifungua akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, nani anaifunika blanketi ikiwa inafanya kazi?" Nikamwambia ni mimi, ukungu ukishuka nani asiyesikia baridi? Akasema inataka kupumua, nimekuwa naichemsha. Akatoa vumbi humo, vumbi la kupanda mahindi. Ungekuwepo ungenisema wiki nzima.

Ikaacha kuganda, lakini mwendo ukawa ule ule. Rajabu akasema imejaa. Akaondoa michezo, akaondoa makorokoro. Kisha akaacha kubonyeza, akanigeukia. Akasema, "Mama, kilichobaki kinachojaza ni sauti za marehemu."

Zile ulizojirekodi na kile kipaza sauti kidogo, ulipokuwa huwezi tena kutoka kitandani. Baba yako akienda Shume nilikuwa nakaa nazisikiliza. Unaimba, unanisimulia mambo ya Dar, unanigombeza kwa chumvi. Nikamwambia Rajabu usiguse. Funga, nenda zako.

Wiki iliyofuata Halima akaanza kushuka Lushoto mjini kuchapa kwenye kompyuta ya watu. Anatoka na ukungu, anarudi na ukungu. Nikabaki mimi, na nyumba, na sauti zako. Nikitaka kukujibu, unaendelea kusema, huningoji. Mchana mmoja nilipakua sahani mbili, nikakumbuka sina mtu. Halafu Halima akasema amepata chumba mjini, afadhali ahamie kuliko kupanda huu mlima kila siku.

Hapo nikamwambia amwite Rajabu tena.

Alijaribu kuzihamishia kwenye disketi. Akasema kila sauti ni kubwa kuliko disketi yenyewe. Iliingia moja tu, ile fupi, siku unajaribu kipaza sauti. "Moja, mbili, tatu. Mama, hii inanisikia kweli?" Halafu unacheka. Mimi ningechagua ile unayoimba, lakini haikuingia.

Rajabu akaniuliza, "Mama, nibonyeze?" Akauliza tena. Mara ya tatu nikasema bonyeza. Nilishika kiti nikidhani itapiga kelele. Haikupiga kelele yoyote.

Sasa inafunguka kabla maji hayajachemka. Chumba cha mjini Halima amekiacha. Hapa ninapoandika yuko nyuma yangu anachapa, hajui namwandikia nani.

Mwanangu, nimeifuta sauti yako ili mdogo wako abaki nyumbani. Usidhani nilichagua kati yenu. Hapana... nilichagua. Siwezi kukudanganya wewe. Nisamehe.

Nakuahidi, Ijumaa nitakuja na baba yako na Halima tung'oe majani hapo ulipolala, na kila Ijumaa nitakuja, hata mvua ikinyesha. Safari hii mimi ndiye nitakayesema, wewe pumzika.

Kwaheri mwanangu. Mungu akulaze pema. Na ukipata njia yoyote ya kunijulisha kwamba hukukasirika, fanya upesi, usiniweke roho juu.

Ni mimi mama yako.