Nyundo Ndani ya Nyumba Yenye Mjamzito

Mama Bun-hiong,

Uji wa samaki uko jikoni, nimeufunika. Mpe mkwe wetu Pei-chun akiamka. Dirisha la chumba chake msiliguse, gundi haijakauka.

Uliniambia tangu aliposhika mimba: nyumba yenye mjamzito haipigiliwi msumari, mtoto atadhurika. Nikakucheka mbele ya majirani. Lakini lile dirisha la mbao limeliwa na mchwa, jua la magharibi linamchoma, na mtoto wa watu analala sakafuni kutafuta ubaridi. Ulipotoka kwenda sokoni nikaling'oa, nikaanza kupigilia jipya. Pei-chun akatokea mlangoni ameshika tumbo. "Baba, usipige tena, nakuomba." Hata hakunifokea. Heri angenifokea.

~~Mwambie hayo ni mambo ya kizamani tu.~~ Usimwambie hivyo. Mwambie nimebana fremu kwa gundi na kabari, na nyundo nampelekea fundi Tan akae nayo mpaka mtoto azaliwe.

Kutoka huko napitia hekaluni kumwashia mtoto udi. Ndiyo, mimi. Ukitaka kucheka, sasa ni zamu yako.

Babu yake, kama bado mtaniita hivyo