Wimbo wa Mwisho Ambao Kasoli Haikuusikia

Nkwabi Malimi,
Nyuma ya soko,
Bariadi, Simiyu.

9 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Violeth,

Barua hii ishike kwa mikono miwili, maana aliyeiandika si mtu wa hivi hivi. Hapa Bariadi hakuna mkutano unaoanza kabla hawajauliza, "Nkwabi amefika?" Nikikohoa mimi hapa, Maswa wanafunga madirisha. Mtu wa namna hiyo akikaa chini na kalamu, ujue kuna jambo.

Mwangaluka, mwanangu? Umeamkaje huko Dar es Salaam? Koo lako linaendeleaje? Mwimbaji huulizwa koo kwanza, miguu baadaye. Na wenzako wale watatu wa kundi lenu la Shanga Nne, nao wazima? Sisi hapa tunashukuru Mungu. Goti langu la kushoto, lile ambalo fisi alilitamani mwaka wa njaa akaliacha kwa heshima, linaniuma kukitanda wingu, lakini mvua yenyewe bado. Pamba imeshaondoka na malori. Mke wangu Evalina anakusalimu, anasema ule mboga za majani na uache soda za baridi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu ningeharibu. Wewe ungecheka, na mimi nikisikia mtu anacheka naongeza chumvi, hata nikiwa nimejiapiza. Karatasi haicheki. Nitampa Mihayo, kondakta wa basi, naye ameahidi kukufikishia mkononi kabla ya Jumapili. Isome kabla ya Jumapili, mwanangu. Utaona sababu.

Nianze na yanayofurahisha. Zile nyimbo mbili mlizoimbia filamu ya Kisima cha Jirani, ambazo redio zimekwisha kuzipiga, zimetuingia hapa kama mchwa. Bodaboda wote wa stendi simu zao zinaita kwa "Nipishe Nipite". Ikiita moja, wanajipapasa mifukoni wote. Kina mama walipokuwa wakichuma pamba Kasoli waliimba "Taa ya Dirishani" kutoka mstari hadi mstari, huyu anauliza kule, yule anajibu huku, mpaka magunia yakajaa bila mtu kulalamika mgongo. Kuna Jenifer, muuza maandazi wa Kasoli, huyo amejipa uenyekiti wa mashabiki wenu bila kura. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mteja: "Ubeti wa pili huujui halafu unataka andazi la moto? Chukua hilo la jana."

Mnapendwa, Violeth. Mtu asikudanganye. Mimi nimetembea sana na sijaona watu wakipendwa hivyo, isipokuwa mimi mwenyewe wakati wa ujana wangu.

Sasa nakuja kwenye jambo.

Uliponitumia ile flashi yenye filamu nzima, uliniagiza kitu kidogo tu. Maneno yako nayakumbuka yote. Ulisema: "Mjomba, mpelekee mama Nkololo. Kaeni wawili tu. Muoneshe mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni kuna wimbo wa tatu ambao haujatoka redioni, unaitwa 'Kapu la Mayu'. Nimeuimba kwa Kisukuma, ni wa kwake. Usimwambie mtu mwingine." Na mimi nikajibu, "Mwanangu, umempa kazi mwenye kazi."

Nilijua uzito wake. Najua dada yangu hajapokea simu yako tangu ulipoacha chuo cha uuguzi ukaenda kuimba, mwaka wa pili huu. Ng'ombe wake wawili waliuzwa ili usome. Mimi ndiye niliyewaswaga mpaka mnadani, nao walikuwa wakigeuka nyuma njia nzima. Kwa hiyo nisiseme sikujua.

Lakini nikafikiri: mpwa wa Nkwabi ameimba kwenye filamu, halafu Nkwabi akaoneshe kwa siri, nyumbani, kwenye simu ya kuazima, kama mtu anayekula yai chooni? Nikaona ni aibu kwa ukoo. Nikasema hapana, dada aone jinsi watu wanavyompenda mtoto wake, hasira itaisha yenyewe. Nikamwendea Bujiku, yule mwenye maspika makubwa na jenereta na projekta ya kukodisha kwenye harusi. Nikaomba ghala la pamba la Kasoli, maana lilikuwa tupu na ndani ni giza hata saa nane mchana. Tukatundika shuka jeupe la Evalina. Nikatangaza.

Wakaja watu elfu saba.

Haya, elfu moja. Violeth, leo sina nguvu ya kutia chumvi. Walikuwa mia tatu, labda pungufu. Lakini ghala lilijaa, na vumbi la pamba lililobaki darini likawa linatuangukia vichwani, tukawa weupe wote kama wazee wa zamani. Mama yako nilimweka mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki chenye mikono. Alivaa kitenge cha kijani, mkoba ameupakata. Alikuja, Violeth. Kutoka Nkololo alikuja, mwenyewe, juani.

Filamu ikaanza. Watu walitulia mpaka ilipofika ile sehemu ya msichana anavuka uwanja na "Nipishe Nipite" inaanza. Ghala lilinyanyuka. Na kwa kweli, katikati ya kelele zile, niliangalia miguu ya mama yako. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinacheza. Kidole kile tu, lakini nilikiona.

Halafu yule mwigizaji mwenye ndevu akaingia, akaanza kuongea huku wimbo unaendelea. Nyinyi huko mmezoea, filamu ndivyo zinavyotengenezwa, wimbo unashushwa ili watu waongee. Huku kwetu hapana. Wewe ni Msukuma, unajua: ngoma ikikolea hakuna wa kuikatiza, na mchezaji akipatia hapelekwi mbele, anarudishwa. Jenifer akasimama: "Bujiku! Muondoe huyo mwanamume njiani, anatuzibia wimbo!" Mwingine akadakia, "Akaongelee nyumbani kwao!" Ikapigwa kelele ya "Rudisha! Rudisha nyuma!" na Bujiku akarudisha.

Akarudisha tena. Na tena. Kila mara yule mwenye ndevu akitokea, anazomewa, anarudi alikotoka.

Tulipokuja kufika kwenye "Taa ya Dirishani", watu wa Nkololo ndio wakasema huu sasa ndio wimbo, ule mwingine ni wa watoto. Basi yakawa mashindano ya ngoma kabisa, kama Wagika na Wagalu, kundi huku na kundi kule. Ukipigwa wa hawa, wale wanadai wa kwao. Mzee mmoja alitoka na pesa mkononi, akawa anatafuta mahali pa kumtuza yule dada wa kwenye shuka, akambandika noti kwenye paji la uso, ikadondoka, akaiokota, akabandika tena. Wewe mwenyewe ungekuwepo ungelia kwa furaha. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na ndicho kilichotuponza.

Kwa sababu Bujiku alikuwa ametia petroli ya filamu moja tu. Msichana wa kwenye filamu alikuwa bado hajafika hata kisimani. Jenereta ikakohoa, taa ya projekta ikaruka juu, ikafa, na flashi yako ikatoa harufu ya kuungua mle mle ilimochomekwa. Mpaka leo hakuna mtu Kasoli anayejua filamu ile inaishaje. Hakuna anayetaka kujua. Walitoka wanaimba.

Mama yako alibaki amekaa. Mlango wa ghala ulipofunguliwa na mwanga kuingia, akanitazama.

"Nkwabi, uliniambia kuna kitu changu cha kusikia."

"Kipo dada, kipo mwishoni."

"Mwisho uko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye lile shuka tupu. Akasema, "Nimesikia kelele. Kelele nazijua, hata mnadani zipo." Akajipangusa pamba begani, akaondoka na jua lake.

Kesho yake nilikwenda Nkololo. Nilimkuta anakata viazi vya kuanika juani viwe michembe, amenipa mgongo. Nikaomba radhi kwa mgongo huo kwa muda mrefu. Mwisho akauliza, bila kugeuka: "Huo wimbo unaosema ni wangu, unasemaje?"

Violeth, hapa ndipo penyewe. Mimi wimbo ule sijausikia. Flashi ilikaa kwangu karibu juma zima kabla ya Kasoli, na kila nilipopata mtu wa kunifungulia, nilisikiliza ile ya kucheza, nikaishia hapo. Ningesema hivyo tu: dada, sijui. Ni maneno mawili. Lakini mdomo wangu unajua mwenyewe ulivyo, ukiulizwa swali hauwezi kukaa mtupu.

Nikamwambia unaanza kwa kumwita Mayu, mama, mara tatu, kama mtu anayeita akiwa mbali shambani. Nikamwambia unasema siku uliyoacha chuo hukulala. Unasema ukirudi nyumbani hutaki kuchinjiwa kuku, unataka ukae jikoni uchochee moto, yeye apike. Na nikamwambia unawataja ng'ombe wake wawili, kwamba hukuwasahau.

Kisu kikasimama kwenye kiazi.

"Anawataja?"

"Anawataja."

"Kwa rangi zao?"

"Kwa rangi zao, dada."

Akageuka sasa. "Rangi gani?"

Mungu alinisaidia, maana ng'ombe wale niliwaswaga mwenyewe. Nikamwambia: mmoja mwekundu, pembe ya kushoto imepinda kuelekea jicho, mwingine mweusi, baka jeupe tumboni kama amevaa aproni. Mama yako aliweka kisu chini. Akajifuta macho kwa kiganja chenye majimaji ya viazi, halafu akakilaumu kiazi. Akasema: "Nilidhani hakuwahi hata kuwaangalia." Baadaye kidogo akasema: "Mwambie apige. Jumapili, nikitoka ibadani. Nitapokea."

Nimetunga mambo maisha yangu yote, mwanangu. Nimemshinda chui, nimepanda ndege kwa kukosea, nimekataa ubunge. Watu wanacheka, wananipa kiti, tunakwenda nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniamini hata siku moja, na ndiyo maana nilikuwa naweza kulala. Hili moja limeaminiwa. Tangu siku ile anawasimulia majirani zake, anawaambia mwanangu amewaimba ng'ombe wangu. Mimi nikipita wananipongeza, na mimi napita haraka.

Kwa hiyo naomba kwako mambo haya. Piga Jumapili. Yashike yale ya rangi, mwekundu wa pembe iliyopinda na mweusi wa baka tumboni, kwa sababu atakuuliza, namjua. Sikuambii umdanganye. Labda wimbo wako una maneno mazuri kuliko ya kwangu, na bila shaka unayo, wewe ndiye mwimbaji. Kama humo hamna ng'ombe, basi mwambie kwa mdomo wako kwamba ni mjomba aliyewaingiza, na mimi nitakwenda Nkololo kupokea haki yangu. Lakini kwanza fikiri, mwanangu, kama kweli uliwasahau. Kama hukuwasahau, si uongo wote.

Na flashi nyingine usinipe mimi. Mpe mwenyewe, uje nayo.

Nisalimie wenzako wa Shanga Nne, waambie Kasoli wanawadai wimbo usio na mwanamume mwenye ndevu. Msalimie sana binamu yako Limbu ukimwona huko Temeke, na Sayi mkewe. Bibi yako Milembe anakuombea kila jioni, anakutaja kwa jina la utotoni. Bujiku anasema hana kinyongo juu ya projekta. Mungu akulinde koo na moyo, akuoneshe njia ya nyumbani ikiwa bado nyeupe. Wabeja sana kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye bila chumvi,

Nkwabi Malimi

Nimeshatia sahihi, lakini Mihayo bado anakunywa chai, basi nimalizie. Pale juu nimeandika "ikapigwa kelele ya rudisha," ukadhani ni Jenifer. Kasoli nzima inadhani ni Jenifer, hata mama yako hanunui tena maandazi yake. Aliyepiga kelele ya kwanza ni mimi. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti.