Baba Mdogo Alipoirithi Kadi Yako ya Dhahabu

Kamwene, mama.

Sikuandikii ili nikulilie. Nimeshalia, na wale waliokuwa wakinichungulia msibani kuona kama machozi yanatosha wameridhika. Nimekaa kwenye kale kaofisi kako hapa Lyamkena, baridi ya Makambako inaingia kwa chini ya mlango, nina hasira, na mtu wa kumwambia ni wewe. Usiniambie nipoe kwanza. Wewe mwenyewe ulikuwa hupoi.

Nianze na simu yako. Siku ya kuanua matanga, ukoo wa baba ulikaa kugawa vitu vyako. Mama mdogo Agata alipewa vitenge, shangazi akachukua blanketi na lile koti la kijivu. Ilipofika zamu ya simu, baba mdogo Desderi akanyoosha mkono hata kabla hajatajwa. Alisema simu ndiyo kampuni. Wanunuzi wamo humo, ndege zimo humo, na dhahabu imo humo. Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakampa. Mimi nikaambiwa nitakuwa mkalimani wake, kwa kuwa nimesoma na Kiingereza kinanitoka. Mkalimani! Mimi niliyepanga parachichi zako kwenye kreti tangu nilipokuwa nasimama juu ya ndoo ili niifikie meza.

Hiyo dhahabu waliyoisema ni ile kadi yako ya shirika la ndege, ya kwenye aplikesheni. Unakumbuka siku niliyokuwekea? Tulikuwa stendi tunasubiri gari la Mbeya, ukawa unalalamika kwamba unapanda ndege za watu mwaka mzima na hakuna anayekuambia asante. Nikakupakulia, nikakujazia jina, nikakufungulia na barua pepe. Rangi ikaanza kupanda, bluu ikawa fedha, fedha ikawa dhahabu, nawe ukawa unawaonyesha wakulima wa Lugarawa katikati ya shamba, "Oneni, nimepandishwa cheo na watu wa angani." Walikuwa wanacheka mpaka wanaweka vikapu chini.

Na launji je! Siku ya kwanza ulipoingia kile chumba cha mapumziko cha wateja wakubwa pale uwanja wa Dar, kijana wa mlangoni aliona kitenge chako na mfuko wako wa viazi vya kuchemsha, akakuambia hapa ni kwa wateja maalumu. Ukamwekea simu mbele ya macho. "Usiniulize mimi, iulize hii." Uliporudi ulitusimulia mara nyingi sana, na kila mara yule kijana alizidi kufupika. Tena ulikuwa huwezi kula peke yako. Kadi iliruhusu mgeni mmoja, basi wewe ulikuwa unapita kwenye viti vya nje unachagua mtu usiyemjua, bibi anayetoka kutibiwa au mama mwenye mtoto mgongoni, unamwambia, "Twende tukanywe chai, mwanangu, wamenipa nafasi ya mtu." Walinzi walinuna, lakini kanuni haikusema mgeni lazima awe ndugu.

Ukiona vyaelea vimeundwa, mama, lakini baba mdogo aliona vinaelea tu. Hakuona safari zile za kutoka hapa saa ya umande. Hakuona ulivyokuwa unatapika kwenye mawingu ya Songwe kisha unashuka umejipaka mafuta ya midomo, unacheka na wanunuzi. Aliona simu inang'aa, akadhani kung'aa kunarithiwa kama shamba.

Barua pepe zako zinaingia kwenye simu yangu mpaka leo, kwa kuwa niliyekufungulia ni mimi. Shirika halikujua kwamba umekufa. Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado mbichi waliponiletea ujumbe, "Mpendwa mteja wetu, tumekukumbuka angani." Nilizima simu nikaenda kusimama nyuma ya ghala. Baada ya hapo sikutaka waambiwe. Palikuwa pamebaki mahali pamoja duniani ambapo ulikuwa hai, tena una hadhi, na mimi nilisema paachwe hivyo hivyo. Mtu akiona ni ujinga, shauri yake.

Sasa sikia ya safari hii. Mkutano wa wafanyabiashara wa parachichi ulikuwa Arusha, kama kila msimu, na Mholanzi wako, yule mnunuzi mkubwa, alikuwa anakuja. Ujanja wako nilikuwa naujua. Yeye akishafika Arusha anazungukwa na kila mwenye mti mmoja, basi wewe ulikuwa unakata tiketi ya ndege ileile anayoisubiri Dar, unamkuta launji amekaa na kahawa yake, na mpaka mnaitwa kupanda, msimu wa Makambako umeshauzwa. Nikamwambia baba mdogo tufanye hivyohivyo. Akakubali haraka mno. Kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege wa Songwe nikajua kwa nini.

Akaniambia, "Utamwambia tunaanza kuchuma mwezi huu." Nikasema, baba, hazijakomaa. Akasema zitaivia njiani. Zitaivia njiani, mama! Niliangalia dirishani nikang'ata ulimi. Wewe uliyekuwa unapasua tunda mbele ya mkulima, unaangalia ngozi ya kokwa, na kama bado nyeupe unamrudisha na kreti zake zote, awe jirani au awe paroko. "Tunda changa haliivi, linasinyaa tu." Ulisema hivyo mpaka kasuku angejua. Tukimpa Mholanzi makontena ya matunda yanayosinyaa, hatarudi, na wakulima wote wa huku watabaki na walanguzi wanaojaza lumbesa mpaka gunia linaota kichwa. Ndilo jambo lililokuwa mkononi mwangu, na mdomo nilioazimwa ulikuwa wa kusema ya mtu mwingine.

Tulifika launji. Baba mdogo amevaa koti la suti ya msibani, anatembea kifua mbele. Mezani yupo yule dada mpole, Rehema, uliyekuwa unampelekea parachichi kwenye gazeti. Baba mdogo akafungua aplikesheni, maana namba yako ya siri ghala zima linaijua, akaweka simu kwenye mashine. Ikalia. Rehema akasoma jina lako, uso wote ukachangamka, akaanza kutazama nyuma yetu. "Mama parachichi! Yuko wapi?"

Baba mdogo akasema, "Ndiye mimi."

"Wewe ndiye nani, baba?"

"Ndiye niliyemrithi. Ukoo umekaa."

Watu wa nyuma yetu wakaanza kukohoakohoa. Rehema hakucheka, Mungu ambariki. Alimwambia taratibu kwamba kadi hairithiwi, bila mwenyewe haifanyi kazi. Baba mdogo akainyanyua simu juu kila mtu aione. "Haifanyi kazi vipi, na imelia?" Yesu na Maria, nilitamani sakafu ipasuke. Kisha Rehema akanigeukia mimi. "Dada, mama amefariki?"

Ningeweza kusema anaumwa. Ningeweza kusema yuko njiani. Maneno hayo yalikuwa yameshajipanga mdomoni, na ungeendelea kuwa hai kwenye mitambo yao, dhahabu tupu. Lakini nilimwona yule mzee ameshika simu yako juu, na picha yako ndogo kwenye kioo, nikajua hivyo siyo kuishi. Nikasema, "Amefariki." Nilisema kwa sauti, nikashangaa sauti yangu haikukatika. Rehema akaweka mkono kifuani, akasema pole sana, akasema itabidi wafunge. Nikamwambia fungeni.

Nikamwandikia Mholanzi kwamba tuko mlangoni. Akatoka, miwani iko kichwani, akanikumbatia. Kifo chako alikuwa amekisikia kutoka kwangu. Akasema tuingie, karatasi zake zimetandazwa mezani na ndege itaitwa sasa hivi. Rehema akatazama chini. Kadi yake nayo ni ya mgeni mmoja tu.

Baba mdogo alielewa hilo bila mkalimani. Akavuta koti lake, akaniambia, "Mwambie mimi ndiye mkubwa. Aniingize mimi, wewe utasubiri." Na mimi, mama, nilitafsiri. Neno kwa neno, sikumwibia hata moja. Mholanzi akatikisa kichwa polepole, anatazama huyu, anatazama huyu.

Kisha nikasema, hayo ni ya baba yangu mdogo. Ya kwangu ni haya. Anataka kukuuzia matunda machanga, mimi nakataa. Mama hayupo, mwenye kupasua tunda Makambako sasa ni mimi, kwa hiyo anayeingia ni mimi. Sikusubiri achague. Nilipita. Mholanzi akasogea akanipisha, na nyuma nikasikia baba mdogo ananiita kwa lile jina la utotoni, mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili kama mtu aliyepotea. Sikugeuka. Iliniuma, lakini sikugeuka.

Tukakaa mezani kwake. Mholanzi aliniuliza tutaanza lini. Nikamwambia kokwa ikivaa kahawia, siyo kabla. Akasema Arusha wapo watakaomwahidi mapema zaidi. Nikamwambia anunue kwao, kisha ahesabu yatakayosinyaa melini. Akacheka, akasema ameshasikia maneno haya kwa mtu mwingine. Akauliza mkataba uandikwe jina la nani. Nikataja langu, Yustina, nikamtamkia herufi zote asije akakosea.

Wakati wa kutoka nilijaza sahani ya sambusa nikampelekea baba mdogo kwenye viti vya nje. Sikulelewa kumwacha mtu mzima na njaa. Rehema akajifanya anasoma. Mzee akazila zote bila kunitazama, akajifuta midomo, akasema, "Utaona."

Basi naona. Kabla hatujarudi kutoka Arusha ujumbe wa shirika ukaingia, akaunti yako imefungwa na pointi zote zimefutwa. Hapo ndipo nililia, mama. Sikulia hivyo hata kanisani. Kila alfajiri yako, kila mguu uliokuvimba, wamefuta. Nikajifungulia ya kwangu palepale uwanjani. Ni bluu, daraja la chini kabisa, hata chai hawanipi. Nitaipandisha mwenyewe.

Huku nyumbani baba mdogo amezunguka Njombe nzima akisema nilimtupa mlangoni mbele ya wageni kama mzigo uliozidi kilo. Juzi alituma watu walete matunda hapa ghalani, kreti kwa kreti, ili nikubali yaishe. Nilipasua moja mbele yao. Kokwa nyeupe pe! Nikawarudisha. Mmoja wao, yule mzee wa pikipiki nyekundu, akaguna akasema kumbe mama yako hajafa. Alitaka kunifariji, najua, lakini nilimjibu, amekufa, baba. Aliyekukatalia leo ni mimi.

Jumapili ukoo umeniita Njombe, kwenye mji wa babu, baada ya misa. Wanataka mkataba ubadilishwe jina na mimi niombe radhi. Mama mdogo Agata amenipigia simu analia, ananisihi niwape tu, mwanamke akishinda ukoo anazeeka peke yake. Nimemsikiliza mpaka mwisho kwa sababu ananipenda. Sitawapa. Wakisema mali ni ya ukoo, nitawauliza ukoo ulikuwa wapi wewe ulipokuwa unarudisha kreti na watu wanakutukana barabarani. Wakisema nimekosa adabu, hapo ndipo wasinijaribu kabisa, kwa sababu adabu ulinipa wewe na ninayo yote.

Pumzika, mama. Usihangaike na mimi. Mvua ikipungua nitakuja kukupandia maua pale kaburini, na sitakuletea malalamiko tena, nitakuletea habari za meli.

Nakuahidi jambo moja la Jumapili. Nitafika kabla yao. Nitapiga magoti nimsalimie kila mmoja kwa zamu yake, kamwene babu, kamwene shangazi, kamwene baba mdogo, na sitainuka mpaka wa mwisho awe ameitikia. Kisha nitainuka, na sitayapiga tena.

Mwanao,
Yustina