Komite ya Mtu Mmoja

Jumamosi, 2 Julai 1955. Salamabila, kambini.

Nimetoka mgodini. Mgongo unauma upande wa kushoto, kama kawaida. Nimeoga, nimepokea posho: unga, chumvi, samaki mkavu. Kisha nikaenda kusimama pale ninapoegemezaga baiskeli yangu. Mjinga. Ukuta mtupu. Alama ya usukani bado imo kwenye udongo.

Polisi waliichukua darajani juma lililopita. Si yangu peke yake. Lori la mzungu mmoja lilikutana na baiskeli katikati ya daraja la mbao, njia ya Kasongo, likagonga ukingo. Hakufa mtu. Lakini Bwana Mkubwa wa teritwari, mtawala wa kizungu kule Kabambare, alikasirika sana. Amri yake: baiskeli yoyote isitie gurudumu darajani. Zote zilizokuwa hapo siku hiyo zikabebwa hadi Kabambare, ziko barazani kwa ofisi. Hatazirudisha mpaka wenye baiskeli tuchague komite ya watu watano wa kujibu kwa ajili ya wote. Hataki kusema na kundi.

Konje yangu, likizo ya mgodini, inaanza tarehe 18. Kwetu ni ng'ambo ya Lualaba, mbali, kwa Wasongye. Kwa miguu, konje itaishia njiani. Kwa baiskeli nafika. Mtu wa kwetu aliyepita hapa aliniambia macho ya mama yanafunga. Jicho moja limekwisha. Nataka anione kabla la pili halijakwisha. Ni hilo tu.

Nimebaki na pompi ya kutilia upepo. Hapa kila mtu hutembea na pompi yake, hata kanisani, maana ukiiacha kwenye baiskeli inaibwa. Polisi walipochukua baiskeli, pompi ilikuwa kiunoni. Naiweka chini ya kichwa ninapolala.

Jumapili, 3 Julai.

Mkutano baada ya misa, mbele ya kibanda cha Fundi Saidi, mwenye kutengeneza baiskeli. Waislamu walikuwa wameshafika, wanatungoja. Karani Dominiki wa ofisi ya mgodi alisimama na soksi ndefu nyeupe. Alisema komite ameshaipanga. Yeye na makarani wenzake wanne.

Watu wakanung'unika. Yeye akasema, "Kati yenu nani atasema Kifaransa? Muzungu hatasikia Kiswahili chenu cha mawese."

Mtu akamjibu kutoka nyuma, "Na weye kinga yako iko na matope siku gani?"

Kicheko. Kinga ndiyo baiskeli, kwa maneno ya hapa. Kweli, ya Dominiki inang'aa kama sahani. Anaipeleka ofisini na kuirudisha.

Tumeachana bila kuchagua. Nina hasira. Wao wanacheka, mimi siku zangu zinakwenda.

Jumanne, 5 Julai.

Kazi. Maji baridi mpaka mapajani, mchanga, koleo. Kaporali, msimamizi wetu, alinipigia kelele. Sina nguvu ya kuandika.

Ijumaa, 8 Julai.

Nimeona jambo. Niliandike kama lilivyokuwa.

Kaporali alitutuma watatu tukakate magogo karibu na daraja. Tulikuwa tumepumzika kando ya barabara alipotokea Mama Zaina, upande wa Kasongo. Ni mjane wa Kasongo. Analeta mafuta ya mawese kambini kwa baiskeli ya marehemu mumewe. Haipandi. Hajui kupanda. Anaisukuma, bidoni, madumu ya mafuta, zimefungwa nyuma, zimefungwa ubavuni, yeye anainama mpaka humuoni kichwa. Njia yote, milima yote. Nilikuwa nimemzoea. Mtu unamzoea kama unavyozoea mti.

Alifika darajani. Polisi akaweka mkono. Mama hakubishana. Alifungua bidoni, akazivusha kwa kichwa, moja moja, akirudi kila mara kwa hatua ileile. Tukadhani baiskeli ataiacha. Akavua kitambaa, akakisokota ngata, akakiweka kichwani. Akachuchumaa. Akainuka na baiskeli.

Baiskeli nzima. Ya chuma, ya zamani, nzito. Magurudumu yalizunguka hewani polepole, hayana kazi.

Polisi akapiga kelele, "Mama weye! Kinga haipite!"

"Kinga haipite, baba. Ni miye napita. Angalia gurudumu. Iko inagusa mbao?"

Polisi aliinama kabisa, akaangalia. Halikugusa. Akakuna shingo. Hakuwa na amri ya baiskeli iliyo kichwani.

Mama akapita. Mbao zililia chini ya miguu yake. Mwenzangu mmoja alikuwa amevua kofia bila kujua. Nimebeba mizigo tangu utoto. Nimeona wanaume wakibeba injini. Sijaona kitu kama kile.

Upande wa pili akaishusha, akafunga tena bidoni, akatuangalia. "Munashangaa nini? Muko na kazi." Akaendelea kusukuma.

Jumamosi, 9 Julai.

Kambi nzima inasema juu ya daraja. Kila anayesimulia anaongeza. Jioni hii baiskeli ilikuwa na mbuzi juu yake. Mimi nasema: hapana, haikuwa na mbuzi, haikuhitaji mbuzi.

Jumapili, 10 Julai.

Tumechagua. Tumekosea. Sijui nicheke au nini.

Fundi Saidi ndiye aliyeleta njia. Wanaotaka kuwa komite wasimame juani, wametengana. Kila mwenye baiskeli aiweke nyuma ya mtu mmoja. Mistari mitano mirefu zaidi ndiyo komite. Akasema, "Usiweke nyuma ya rafiki. Weka nyuma ya mutu ambaye ungemwachia kinga yako, na usingizi ukakuja."

Dominiki akasema wasio na baiskeli hawana sauti. Moyo wangu ulianguka. Sisi ambao zetu ziko Kabambare ndio wenye shida hii, na ndio tulikuwa tunafukuzwa. Nilitaka kusema. Sikusema. Ninamwogopa Dominiki, yeye ndiye anayepeleka majina ya konje kwa wazungu.

Fundi akauliza, "Pompi yako iko wapi?" Aliniuliza mimi. Nikaitoa kiunoni. "Basi. Pompi ni kinga." Wengine nao wakatoa zao. Tulikuwa wengi kuliko nilivyojua.

Wakasimama: Dominiki na wenzake, Fundi mwenyewe, Kitenge mwenye shamba karibu na daraja, na wengine. Wakati huo Mama Zaina akaja na mafuta, kama kila Jumapili. Hakuja kuchaguliwa. Aliegemeza baiskeli yake kwenye kisiki, akakaa chini kunyosha miguu.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kisha Fundi Saidi aliondoka mahali pake. Alichukua baiskeli yake mwenyewe, akaipitisha mbele ya watu wote, akaiweka nyuma ya baiskeli ya Mama Zaina. Akarudi juani kusimama, hana kitu nyuma yake.

Halafu wakaanza kwenda. Mmoja. Mwingine. Sikusikia neno, nilisikia minyororo tu na vumbi chini ya magurudumu. Watu wa Kasongo, watu wa Kabambare, wa msikitini na wa misheni. Baiskeli nyuma ya baiskeli, mstari ukapita kibanda, ukapita kisima, ukapinda na barabara. Pompi zetu tulizilaza chini kati ya magurudumu. Niliilaza yangu kwa mikono miwili. Nikageuka kuangalia. Sikujua tuko hivyo. Kila siku tunapita mmoja mmoja, tunapeana kengele, kwisha. Sijawahi kutuona.

Mama Zaina alikuwa ameshika bidoni, hajaelewa. "Munapanga foleni ya nini? Mafuta hayatatosha!"

Hapo ndipo tulipoona kosa. Wote nyuma ya mmoja! Nyuma ya wengine hakuna hata kengele. Makarani wenyewe walikuwa wameweka zao huko, isipokuwa Dominiki, ambaye yake alikuwa ameishika mkononi.

Dominiki akacheka mpaka akashika magoti. "Komite ya mutu moja! Bwana Mukubwa amesema watano. Na huyo moja ni mwanamuke. Na hajui kupanda kinga!"

Alisema kweli. Hilo ndilo lililouma.

Walipomweleza mama, alikataa. Ana mafuta ya kuuza, ana wajukuu. Kisha akauangalia mstari kutoka mwanzo mpaka unapopinda. Aliuangalia sana. Akainuka, akapangusa kanga.

"Kama zote ni zangu, basi nigawe."

Akaanza kuvuta baiskeli. Zile za Fundi na jirani zake, akazirudisha nyuma ya Fundi. Nyingine nyuma ya Kitenge, kwa sababu daraja liko mlangoni kwake. Nyingine nyuma ya Dominiki. Dominiki akaacha kucheka. Mama akamwambia, "Utasema Kifaransa, baba. Lakini useme yetu."

Kisha akaokota pompi. Zote, mkono mzima. Akauliza ni nani kati ya wale waliokamatiwa anatoka mbali zaidi. Wakanisukuma mbele. Akaniwekea pompi miguuni. "Huyu hatasahau zile za Kabambare." Zilizobaki zikakaa nyuma yake mwenyewe: tukawa watano.

Mimi. Mtu wa koleo. Nimeishia darasa la tatu kwa mapadri.

Jumatatu, 11 Julai.

Mgodini wananiita Bwana Komite. Maji ni yaleyale, baridi ileile. Kaporali amekubali kuniachilia kwenda Kabambare.

Alhamisi, 14 Julai. Kabambare.

Tulikuja kwa lori la mgodi. Niliona baiskeli zetu barazani kabla sijaona kitu kingine. Zimeegemezana, zimejaa vumbi, matairi yamelegea. Yangu nyuma kabisa. Nilitaka kwenda kuishika. Askari alinikataza.

Bwana Mkubwa alituita ndani. Akasema na Dominiki kwa Kifaransa, hakutuangalia sisi. Sikuelewa, lakini niliona mkono wake ukimwonyesha Dominiki kiti. Nikawaza: imekwisha, sasa atakaa, atakuwa mkubwa wetu.

Dominiki hakukaa. Alivuta kile kiti, akakiweka nyuma ya Mama Zaina. Akasema kwa Kiswahili, ili tusikie, "Bwana, mukubwa wa komite ni huyu mama. Miye ni mudomo tu."

Soksi zake zilikuwa zimejaa vumbi la lori. Sikutegemea. Ninaandika hivi kwa sababu nimeshaandika mabaya yake.

Mzungu akamgeukia Mama Zaina. Akamuuliza mama kwa Kiswahili baiskeli zitavukaje bila kugongana na lori. Mama akakaa kwanza. Kisha akajibu kama anayeulizwa bei ya mafuta. Mtu mmoja kila kichwa cha daraja, na kitambaa chekundu. Lori likija, baiskeli zinangoja. Lori likiisha kupita, zinavuka. "Ni mulango, Bwana. Mulangoni watu wanapishana."

Bwana Mkubwa aliyaandika maneno yake. Akakubali. Sharti moja: wenye kusimama darajani wawe watu wa komite wenyewe, kila siku, mpaka mvua zianze. Siku akikuta kichwa kimoja kitupu, anakamata zote.

Tukapewa baiskeli. Nilitia matairi upepo palepale barazani.

Jumamosi, 16 Julai. Kambini.

Furaha imekwisha mapema. Komite tumekutana kibandani kwa Fundi. Vichwa viwili vya daraja. Kimoja cha Kitenge, ni nyumbani kwake. Cha pili nani? Dominiki yuko ofisini. Fundi akifunga kibanda, baiskeli zote zinakufa. Mama Zaina ana mafuta yake. Aliye huru ni mwenye konje. Wote waliniangalia, kisha wakaangalia chini.

Baiskeli iko ukutani, mahali pake. Imejaa upepo. Nami nitasimama darajani na kitambaa mpaka mvua, na jicho la pili la mama yangu litafunga. Nilitaka kulaani. Nikakumbuka ule mstari nyuma ya kisiki, nikashindwa. Nikasema nitasimama.

Mama Zaina alikuwa anapima mafuta. Hakuinua kichwa. "Mama yako anaitwa nani?"

Nikamwambia.

"Mupelekee mafuta. Chupa moja, usilipe. Miye nitasimama."

Nikasema, na biashara? Akanitazama kama mtoto. "Wenye kinga wote watapita mbele yangu, watasimama, watangoja. Nitauza wapi kuzuri zaidi? Wajukuu wataleta bidoni. Nimechoka kusukuma, weye."

Fundi akacheka. Mimi nilitoka nje. Sikutaka wanione uso.

Jumatatu, 18 Julai.

Nimeondoka asubuhi. Ukungu ulikuwa chini, bondeni. Mama Zaina alikuwa ameshafika, upande wetu wa daraja, amekaa kwenye bidoni na kitambaa chekundu magotini. Ng'ambo nilimwona Kitenge. Baiskeli kadhaa zilikuwa zinangoja, lori lilikuwa linapita, hakuna aliyepiga kelele.

Zamu yetu ilipofika nilishuka, nikaanza kusukuma. Sikuweza kupanda mbele yake. Mtu aliyepita pale na chuma kichwani.

"Panda, mwanangu," akasema. "Nilibeba ili mupande."

Nikapanda. Mbao zililia.

Alhamisi, 21 Julai. Kasongo.

Nimelala kwa mtu wa kwetu, karibu na soko. Miguu imevimba. Mwadhini amekwisha kuita, sasa kengele ya misheni. Chupa ya mafuta haijavuja, nimeifunga ndani ya shati.

Gurudumu la nyuma lilikuwa limelegea kidogo. Nimetoa pompi kiunoni, nimelijaza. Kesho mtoni, navuka Lualaba, kisha kwa mama.