Swali la Bibi wa Makumbusho

Sydney, Jumapili

Shikamoo Mama,

Leo dada amenipeleka Makumbusho ya Wayahudi kutazama filamu ya watoto waliokimbia vita. Ilipoisha, akaingia bibi aliyekimbia hivyo utotoni, aje kuzungumza nasi. Nikasimama kwa heshima, kumbe wengine wote wameketi!

"Mbona unatukimbia, binti? Hata sijaanza!" bibi akaniambia. Watu wakacheka.

"Hapana, bibi. Kwetu mkubwa akiingia tunasimama. Mama yangu pia alikimbia vita, ila hasimulii."

"Mimi nilinyamaza mpaka mwanangu aliponiuliza. Wewe umemwuliza?"

Nikatikisa kichwa. Siku zote nilidhani kutokuuliza ndiyo adabu.

Sasa nakuuliza, Mama: mlivukaje mpaka kutoka Burundi? Nikirudi Kigoma, anza popote upendapo, hata kwa chakula mlichobeba. Nitaandika polepole utakayosimulia.

Mungu akutunze.

Mwanao,
Imani